Walituambia Tusisimame: Kwa Baiskeli Katika Vilima vya Mizabibu

Nilikwenda Italia kwa sababu ya mzee niliyekuwa nikimwogesha. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee hapa magharibi mwa Sydney, na mzee huyo alizaliwa kwenye vilima vya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Kila asubuhi, maji yakimtiririka mgongoni, alinisimulia jinsi alivyovipanda vilima vile kwa baiskeli ujanani, mizabibu kushoto na kulia, asisikie kitu ila mnyororo wake mwenyewe. Alipofariki, nilijikuta nimezikosa hadithi zake kuliko nilivyotarajia. Nikamwambia rafiki yangu Furaha, "Twende tukapaone."

Furaha ni Mkongo wa Uvira, mimi ni Mkenya wa Meru. Tulijuana kanisani Guildford, na kila Jumamosi tunaendesha baiskeli pamoja kwenye njia ya mfereji wa zamani. Yeye hupanga mizigo katika ghala moja la Wetherill Park. Aliposikia habari ya Italia alicheka.

"Mama Kendi, watu wetu wanakimbia milima, wewe unataka kulipia kuipanda?"

Lakini likizo aliiomba siku hiyohiyo.

Mwishoni mwa Agosti tuliondoka Sydney kukiwa bado na baridi, tukashuka Italia kwenye joto la kuyeyusha lami. Tulikuwa wasafiri wanane, wote kutoka Australia, chini ya kiongozi aliyeitwa Greg. Ziara ile ilinadiwa kuwa ya utulivu: barabara ndogo, simu ndani ya begi, mwendo wa pole. Wenzetu sita walikuwa wastaafu wenye adabu. Walitusalimu uwanja wa ndege, kisha wakazungumza wao kwa wao.

Jumapili alasiri tulifika kwenye nyumba ya wageni katikati ya mashamba. Mama mwenye nyumba aliwapokea wenzetu kwa vinywaji baridi. Mimi na Furaha tulipopanda ngazi, alituonyesha kwa kidole banda la matrekta.

"Wachumaji wa zabibu wanapita nyuma," alisema kwa Kiingereza cha upole.

"Sisi ni wageni wako," nikamjibu. "Majina yetu yako kwenye karatasi uliyoishika."

Aliitazama karatasi, akatutazama, akairudia karatasi. Haya hakuona. Aliona usumbufu tu.

"Sikuelezwa," akasema.

"Ulitaka uelezwe nini?"

Furaha alinivuta mkono. Baadaye Greg alinijia chumbani kunituliza: nisilichukulie vibaya, huu ni msimu wa mavuno, makosa hutokea. Nilimuuliza kwa nini kosa hilo halikumtokea mstaafu hata mmoja. Akasema kesho tungeanza mapema.

Jumatatu nilimwamini marehemu mzee wangu. Barabara ilipinda ikapanda, ikashuka kwenye kivuli cha miti ya hazeli, ikapanda tena, na kila kilele kilifungua bonde jingine lililochanwa mistari ya mizabibu kama nywele za mtoto zilizosukwa vizuri. Kengele ya kanisa ilisikika kutoka mbali usikojua. Mapaja yaliniwaka, pumzi ikanikatika, nami nilifurahi kwa saa tatu nzima bila kukumbuka ngazi za jana.

Ila katikati ya mistari ile kulikuwa na watu. Waliinama na mikasi yao, makreti miguuni, na wengi wao walikuwa weusi kama sisi. Walipotuona waliinua vichwa, mmoja akapaza sauti kwa Kifaransa kumwamkia Furaha, naye akamjibu kwa Kifaransa chake cha Kongo hadi mstari mzima ukacheka. Wenzetu walipita wakipiga picha za vilima. Nilitazama picha zao wakati wa chakula. Sijui walifanyaje, lakini hapakuwa na mchumaji hata mmoja ndani yake.

Jumanne, yapata saa saba mchana, tulikuwa tukipanda mlima mrefu kuliko yote ya safari ile nilipomwona kijana mmoja akitoka kwenye mizabibu. Alitembea kama mlevi hadi ukingoni mwa barabara, akaanguka kifudifudi. Nilitupa baiskeli. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu kama bati la mchana, macho yamegeuka, maneno yanamtoka bila mpangilio. Nimeuguza miaka kumi na tisa, sikuhitaji kuambiwa. Jua lilikuwa linamuua.

Tulimvuta kivulini, tukamvua shati, tukamwagia chupa zetu zote za maji. Greg alirudi akiteremka taratibu.

"Hili lina wenyewe," alisema. "Tuendelee tafadhali. Tumewekewa meza saa saba na nusu."

Nilidhani sikumsikia vizuri, nikamwomba arudie. Akarudia, na neno meza lilikuwa palepale. Wenzetu walisimama, mguu mmoja juu ya pedali, wakingoja. Ni Margaret peke yake, mwalimu mstaafu ambaye tangu Sydney hakuwa amenisemesha maneno kumi, aliyelaza baiskeli yake kwenye majani, akaleta chupa zake mbili na kofia, akaanza kumpepea mgonjwa. Wengine walimfuata Greg.

Nyapara wa shamba alifika akipiga kelele. Alionyesha kwa mikono kwamba mtu amelala tu, ataamka. Nilipotoa simu, wachumaji wawili walimwambia Furaha jambo kwa haraka, na mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa ameanza kupata fahamu kidogo, akamshika Furaha mkono wa jezi.

"Wanasema tusiite ambulensi," Furaha aliniambia. "Hana makaratasi. Akibebwa, hapa harudi tena. Yeye pia anasema hapana, dada. Anatuomba."

"Anajua jina lake?"

Furaha alimuuliza. Kijana akajibu kitu kingine kabisa, kuhusu ng'ombe.

Nimefundishwa kwamba mgonjwa akisema hapana, ni hapana. Nimefundishwa pia kwamba akili iliyopikwa na joto haiwezi kusema hapana. Nilipiga simu, nyapara akanisimamia kichwani, na wale wachumaji wawili wakanitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Ambulensi ilichukua nusu saa.

Jioni hiyo mama mwenye nyumba alisimama mbele ya wageni, glasi mkononi, akatueleza kwamba kila kichala cha zabibu za vilima vile huchumwa kwa mkono, kwa upendo. Wageni walipiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa.

"Mkono wa nani?" nikauliza.

Alitabasamu, akadhani swali ni la lugha.

"Mwenye mmoja wa mikono hiyo yuko hospitalini," nikasema. "Saa saba mchana hakuwa na maji wala kivuli. Upendo huo ulikuwa wapi?"

Greg alisema kwa sauti ya chini kwamba hapa si mahali pa jambo hilo. Nilimwambia barabarani pia hapakuwa mahali pake, basi anipangie mahali.

Jumatano tuliiacha ziara. Mimi, Furaha na Margaret tuliteremka hadi mji wenye hospitali. Kijana alikuwa amekaa kitandani na dripu mkononi. Jina lake Moussa, mtu wa Mali. Alizungumza na Furaha muda mrefu, kwa utulivu, kisha Furaha akanigeukia.

"Anakushukuru. Daktari amemwambia angekufa. Anasema pia nafasi yake imeshachukuliwa na mwingine tangu asubuhi, na kitanda chake kwenye banda vilevile. Si kwamba anakulaumu, anataka tu ujue."

Nilimwambia nimejua. Tuliandikiana namba za simu, Margaret akalia dirishani.

Tuliporudi Sydney niliwaandikia wenye ziara barua ya kurasa mbili. Walijibu kwamba wanasikitika utulivu wa safari yangu ulivurugwa. Utulivu wangu. Niliisoma barua hiyo kituoni Guildford nikakosa treni kwa hasira.

Baada ya wiki chache Moussa alimtumia Furaha ujumbe wa sauti. Amepata kibarua cha machungwa kusini, afya ni nzuri. Mwisho wa ujumbe alikuwa na swali, nalo hakuliuliza kwa ubaya. "Huko kwenu Australia," alisema, "zabibu wanachuma akina nani?"

Nimeishi nchi hii miaka kumi na miwili. Nimekunywa divai yake kwenye harusi na kwenye ubatizo wa watoto wa marafiki. Niliketi jikoni na Furaha, simu katikati yetu, tukaurudia ujumbe mara mbili.

"Kule ghalani kuna kaka mmoja aliwahi kufanya kazi za mashamba huku," Furaha akasema mwishowe.

"Mpigie," nikamwambia. "Muulize kama walikuwa na maji."