Jiwe la Sita

Bana Sampa hakuwa mutu wa maneno mingi. Mutoto wake Sampa alienda kwa migodi ya Kolwezi, bwana yake alifia mu maji, na nyumba yake pale Nchelenge ilibakia na sauti ya mwiko tu mu chungu. Mimi jirani najua. Mimi pia nilikaa peke yangu, lakini sikumulilia mutu.

Mwaka wa 1956 mwalimu Maggie, musichana wa misheni, alifungua masomo ya bamama. Bana Sampa alikuja, akakaa nyuma, akasinzia. Choko inaandika pa ubao, yeye analala.

Siku moja Maggie akatandika mikeka, akamwanga majiwe. "Leo hatuandike. Leo ni soko, majiwe ni samaki. Bana Sampa, wewe unauzisha."

Mwanamuke akaamuka kweli. Akapanga majiwe vichwa upande moja, na jiwe halina kichwa. Akaita na Kiswahili, vile pa soko tunaita batu ya Kongo: "Karibia, mama, yangu ni mbichi." Tulicheka mpaka machozi. Kutoka siku ile alifika kabla ya kengele kulia.

Lakini mutu akinunua tano, yeye anaongeza moja. Maggie akahesabu.

"Mayo, mama yangu, umesema tano. Hii ni sita."

"Tano ni za kununua. Hii moja ni matabishi, ya bure."

"Matabishi inaharibu hesabu. Ondoa."

"Nikiondoa, nani atarudia kwangu?"

Maggie akacheka, bila ubaya. "Ni muchezo, mayo. Batarudia tu. Ni mimi ninabatuma."

Bana Sampa akatuangalia, mumoja mumoja. Akakusanya majiwe, akamurudishia mwalimu, akaenda. Wiki ile hakurudi. Mbele ya mulango wake, mukeka wake wa kukalia ulikuwa umekunjwa.

Mimi si mutu wa kubembeleza. Nilienda kwake tu, nikakaa chini.

"Samaki iko?"

"Nani amekutuma?"

"Mimi? Nani anaweza kunituma mimi? Nipe tano."

Halafu akatandika mukeka, akaokota majiwe ya pale kiwanjani, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, ine, tano. Hakukosea. Mukono ukasimama juu ya mukeka. Akaweka ya sita.

"Matabishi," akasema.

"Ndiyo. Kesho nitarudia."

Tulikaa pale mpaka jua likaingia mu ziwa Mweru. Mununuzi mwingine hakukuja.