Limeshuka Lote

Nimechoka hata kujitetea, kwa hiyo nitasema mwenyewe. Mimi ni mtunza stoo kwenye ujenzi wa ukumbi wa parokia yetu hapa Nshamba. Juzi fundi mkuu alikwenda msibani Izimbya, akaniachia usimamizi. Mashine ya zege iko juu mlimani, na sisi tunalishusha kwa toroli.

Injinia akapiga simu kutoka Bukoba. "Zege limeshuka?"

"Limeshuka lote, injinia."

"Lote? Kama uji?"

Nikalitazama. Lilikuwa laini, linateleza vizuri. "Kama uji kabisa!" nikajibu kwa majivuno.

Akaguna. "Basi limwageni lote."

Tukalimwaga.

Jioni akafika, akaona kikopo cha bati kisicho na kitako, ambacho mimi nawekea mwavuli.

"Hiki ndicho kipimo," akasema. "Unajaza zege, unakinyanyua, unaangalia limeshuka kiasi gani. Likishuka lote, halifai, ni la kutupa. Mlilimwaga wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye nguzo aliyokuwa ameiegemea.