Ukuta Ndani ya Landrova ya Mzee Murunga

Sina subira na watu wanaongoja mtu azikwe ndipo wamsifu. Mzee Murunga yuko hai, anaishi ng'ambo ya barabara kutoka dukani kwangu hapa Langas, mjini Eldoret, na leo asubuhi amekuja kununua sukari na kulalamika kwamba mchele wangu una mawe. Basi namsifu sasa hivi, na akisikia akavimba kichwa, shauri yake.

Alikuwa dereva wa idara ya mifugo. Miaka yake yote ya kazi aliwapeleka madaktari wa ng'ombe huku na huko, kutoka Moiben mpaka bonde la Kerio, kwenye njia ambazo hata punda hugoma. Alistaafu mwaka wa themanini na tatu, akapewa blanketi, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Wengi wakistaafu hapa hununua ng'ombe wa maziwa au hufungua duka la kunisumbua mimi. Yeye alileta mzoga wa gari.

Aliutoa Sugoi, shambani kwa mzee mmoja anayeitwa Kipyego. Ilikuwa Landrova ndefu ya zamani, ya milango mitano, iliyoachwa na Mzungu aliyeuza shamba wakati wa uhuru akaenda zake. Kuku wa Kipyego walikuwa wamehamia ndani. Murunga alitoa ndama jike kuwa malipo, akaikokota Landrova kwa trekta mpaka Langas, na kuku mmoja akaja nayo kwa sababu alikuwa amelalia mayai chini ya usukani na alikataa katakata kutoka.

Mkewe, Nangila, hakumkaribisha kuku wala gari. Nilimsikia kutoka dukani.

"Baba Makokha, hii takataka unaniletea kwa boma ni ya nini?"

"Hii ndio italeta mama yako Eldoret," Murunga akamjibu.

Nangila akaacha ugomvi, na mimi nikaacha kucheka, kwa sababu habari ya mama yake niliijua. Mama huyo, ambaye sote tulimwita Kukhu kama walivyomwita wajukuu zake, aliishi peke yake juu ya Kimilili, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alikuwa amemwambia Nangila kwamba bado hayajaiva, yakiiva aletwe hospitali hapa mjini yatolewe, ataona tena. Taabu ilikuwa kumleta. Nyonga zilikuwa zimemchoka, stendi ilikuwa mbali chini ya mlima, na mvua ikinyesha hakuna gari la kawaida lililofika kwake. Vijana wa kijiji walijitolea kumbeba kwa kitanda, akawafukuza. Alisema mtu akibebwa kwa kitanda akiwa hai, watu wanafanya mazoezi ya kumzika.

Kwa hiyo ikawa mashindano kati ya macho na gari.

Ningesema Murunga alikimbia, lakini ningekuwa mwongo. Alitengeneza gari lile kwa namna iliyonipandisha hasira. Alitaka kila kitu kiwe kile kile lilichotoka nacho kiwandani. Taa ya nyuma ilipopatikana ya gari la Kijapani, inaingia vizuri na inawaka, aliirudisha. "Si yake," alisema. Skrubu haikuwa yake, kioo hakikuwa chake, kitasa hakikuwa chake. Alipanda basi mpaka Kitale kutafuta bawaba ya mlango, akarudi amevimba miguu na bawaba mfukoni, akaja kunionyesha dukani. Nikamwambia, "Mzee, ni bawaba." Akanitazama kwa huruma.

Lakini mikono yake, jamani. Alifungua injini ile kipande kwa kipande, akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akakipanga juu ya gunia kwa mpangilio alioujua mwenyewe. Alinyoosha mabati ya bodi kwa nyundo ya mbao, polepole, mpaka ukipitisha kiganja huwezi kujua palipokuwa pamebonyea. Viti alivishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Wanaume wa mtaa walianza kuja Jumamosi kumtazama, na wengine walisahau kurudi kwao kula.

Enzi hizi mkutano bila kibali ni jambo la kukupeleka pabaya. Siku moja vijana wawili wa chama tawala wakaja, mashati yamepigwa pasi, wakauliza watu hawa wanakusanyika kwa Murunga kila wiki kuzungumza nini. Murunga alikuwa chini ya gari. Akatoa mkono nje, akasema, "Kijana, hebu shika hii spana, uvute kwako." Mmoja akashika. Walikaa mpaka jua likaelekea kuzama, wakaenda wakiwa na grisi mpaka kwenye kola, na hawakurudi tena na maswali.

Injini ilikubali kuwaka mwaka wa themanini na sita. Rangi ilipigwa mwishoni mwa mwezi wa tatu, mwaka uliofuata, kijani ile ya majani ya chai, na mwezi wa nne, mvua ya masika ikiwa imeanza, daktari akasema macho ya Kukhu yameiva, aletwe upesi kwa sababu yeye mwenyewe anahamishwa kwenda mkoa mwingine. Landrova ilikuwa tayari. Nilimwona Nangila akicheka peke yake akianika nguo.

Jioni ile Murunga akamwambia mkewe aingie akae nyuma, ajionee mama yake atakavyokaa. Nangila akaingia. Mumewe akashika usukani, akiwa amejaa fahari kama bwana harusi. Nangila akanyoosha mkono mbele kumsifu kwa kumpiga begani, na mkono ukafika. Hapo akapiga yowe. Nilidhani kuku amerudi.

"Baba Makokha! Mama atakaa wapi?"

Murunga akageuka. Alipouona uso wa mkewe karibu hivyo na uso wake, akaelewa.

Mimi sikuelewa, ikabidi nielezwe. Kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni ovyo. Kukhu aliishika desturi hiyo kuliko wengi. Tangu Murunga amwoe Nangila, mama huyo hakuwahi kumwambia mkwewe neno lolote moja kwa moja. Hata wakiwa kwenye boma moja, akimsikia anakohoa, alisema, "Nangila, mwambie mwenzako anywe maji." Mama mkwe wangu mimi alikaa sebuleni kwangu miaka mingi akionja chai yangu na kukunja uso, na nilipoelezwa habari hii nilisikitika kwamba sisi hatukuzaliwa Kimilili.

Na sasa hawa wawili wangekaa ndani ya gari moja, hewa moja, kutoka mlimani mpaka mjini. Gari lilikuwa wazi kutoka usukani mpaka mlango wa nyuma. Lilikuwa limetoka kiwandani hivyo, na Murunga alikuwa amehakikisha limebaki hivyo. Miaka yote ile alikuwa ametafuta bawaba na skrubu kwa ajili ya mama mkwe, na yeye na mkewe, Wabukusu wote wawili, hawakukumbuka kwamba ni mama mkwe.

Kesho yake wakamwita Kimeli, dereva wa matatu, ili yeye aendeshe na Murunga abaki nyumbani. Kimeli alizoea magari ambayo gia huingia zenyewe. Landrova hii inataka ukanyage klachi mara mbili, usikilize, uombe ruhusa. Alifika penye kinu cha unga gia zikilia kuliko kinu chenyewe. Murunga alikuwa kando yake amefumba macho. Kimeli akasimamisha gari, akateremka.

"Mzee, mimi siwezi kudanganya wewe. Hapa pa tambarare imenishinda. Huko kwa mlima na hii matope nitaua nyanya ya wenyewe."

Mimi nikashauri pazia. Nangila akapanda basi, akapanda mlima kwa miguu, akamuuliza mama yake kuhusu pazia, akarudi siku ya pili na jibu. Kukhu alikuwa amesema pazia ni nguo, na nguo hufunuka. Wakiweka ukuta, ukuta kamili mpaka juu, hizo zitakuwa nyumba mbili, naye atakuja. Bila ukuta atabaki na giza lake, asilazimishwe na mtu yeyote kuvunja heshima aliyoilinda maisha yake yote.

Ilibidi basi Murunga atoboe. Nataka mjue maana yake. Ukuta haukai hewani. Alipaswa kung'oa kitambaa cha dari alichokishona kwa mkono, kutoboa matundu kwenye nguzo alizozinyoosha, kwenye rangi ambayo haikuwa imemaliza hata mwezi. Tundu likishatobolewa, gari lile halingekuwa tena lile aliloliota. Nilivuka barabara nikasimama karibu naye. Alishika drili, akaiweka kwenye nguzo, akaitoa. Akaiweka tena. Nikasema moyoni, huyu atashindwa, na nikishindwa kumlaumu msinilaumu. Nangila alikuwa mlangoni amekunja mikono.

"Mama Makokha," Murunga akauliza bila kugeuka, "mama akikaa, mkono wake unafika wapi?"

Nangila akaja, akaonyesha kwa kiganja. Hapo ndipo Murunga alitoboa tundu la kwanza, kwa ajili ya kishikio cha mbao, pale pale ambapo mkono wa mwanamke mfupi ungefika bila kunyanyuka. Matundu mengine yalifuata bila shida.

Alifanya kazi ile haraka, kwa sababu daktari hangoji. Upande wa nyuma, wa Kukhu, bati lilipigwa msasa mpaka likawa laini kama sahani, likapakwa rangi ya maziwa, kingo zikazungushiwa mpira zisimkwaruze. Kishikio kilikuwa cha mti wa mzeituni, kimesuguliwa mpaka kikang'aa. Kisha nikachungulia upande wa mbele, wa dereva. Bati tupu. Riveti, ile misumari ya kubania bati, zimetokeza vichwa vibaya, alama za penseli zote bado zipo. Mtu aliyepanda basi mpaka Kitale kwa ajili ya bawaba!

"Mzee, na huku kwako?" nikamuuliza.

"Huku ni mimi tu," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nilikwenda nao mlimani. Nangila alitaka mtu wa kumshika mama upande wa pili, na mimi nilitaka kuona, sitaficha. Mume wangu Nur alikuwa amepeleka lori Lodwar, duka nikamwachia binti yangu Shamsa. Wakati wa kwenda nilikaa mbele, na njia ile ilikuwa uji. Murunga hakupaza injini hata mara moja, aliipandisha Landrova taratibu, kona baada ya kona, na pale tuliposerereka kuelekea bondeni, mimi nikianza kusoma shahada, aliuachia usukani kidogo, akauchukua tena, tukarudi njiani. Tulipofika, alishuka akaenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi mpaka Kukhu akaingizwa na mlango wa nyuma ukafungwa. Kukhu alikaa, akapapasa ukuta kutoka chini mpaka juu ulipogusana na dari, akaridhika. Mkono wake ukakikuta kishikio. Hakukiachia mpaka Eldoret.

Macho yalifunguliwa. Jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto, akapewa miwani mizito kama vitako vya chupa. Siku alipofunguliwa bandeji alimshika Nangila kidevu, akamgeuza huku na huku, akamwambia amezeeka. Tulicheka mpaka muuguzi akatufukuza.

Siku ya kumrudisha, Murunga alileta Landrova mpaka mlango wa hospitali, akashuka, akaenda zake kusimama nyuma ya mti kama inavyotakiwa. Lakini aliuacha mlango wa dereva wazi. Kukhu, akipita akiwa amejishikilia kwetu, akasimama hapo. Akasogeza miwani. Alilitazama lile bati tupu, vile vichwa vya riveti, zile alama za penseli, na kile kiti cha dereva mbele yake. Alitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma. Kisha tukampeleka nyuma, akaingia, akaona kwa mara ya kwanza upande wake mwenyewe, rangi ya maziwa, kingo za mpira, kishikio kinachong'aa. Akakaa.

Tukapita Webuye. Tukapita Kimilili. Tulipoacha lami na kuanza kupanda, akainama mbele, akasogeza mdomo karibu na ukuta. Nilimwona Nangila akijiweka tayari kupokea maneno ayapeleke mbele, kama alivyofanya tangu aolewe. Mama yake hakumtazama.

"Mwanangu," Kukhu akaita.

Murunga akaendelea kuendesha. Nadhani alifikiri anaitwa Nangila.

"Mwanangu, wewe unayeendesha."

"Mama!" Sauti ilitoka kwa mshtuko, ya mtu mdogo kabisa.

"Endesha polepole. Sina haraka ya kufika."

Nangila akajifunika uso kwa leso. Mimi nililia waziwazi, sina aibu. Gari likapunguza mwendo, Murunga akatia gia ya kwanza, na kwa gia hiyo hiyo tukapanda mlima wote mpaka juu.