Damu ya Zainabu: Kutoka Kibiti Hadi Salale

Kibiti, asubuhi. Sababu ya safari ilikuwa simu. Muuguzi wa zahanati moja ya Salale alimwambia daktari wetu kuwa ana mgonjwa, Zainabu, muuza kamba wa baharini anayeishi na VVU. Alikuwa ameacha dawa za kufubaza tangu masika, na sasa jicho lake la kushoto linaona ukungu na vidoa vyeusi vinavyoelea. Daktari alishuku saitomegalo, kirusi ambacho wengi tunacho bila kujua. Hulala mwilini, kinga ikiporomoka huamka. Mimi ni mtu wa maabara. Nikaambiwa nikachukue damu, na mgonjwa akikubali, nije naye.

Bandarini Nyamisati tulisubiri maji yajae, kisha boti ya mashine ikaingia kwenye vijito vya mikoko. Kulikuwa na magunia ya unga, kuku wawili, na mimi na boksi langu la barafu.

Salale nilimkuta Zainabu ukumbini na mama yake, Bi Mwanaidi. Zainabu aligeuza kichwa chote ili anione.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Zainabu aliliona boksi. "Damu tena? Mjini walishanipima hicho hicho kirusi. Wakasema ninacho, wakanirudisha nyumbani."

"Kipimo kile kilionyesha tu kwamba kirusi kiliwahi kuingia mwilini," nikamwambia. "Hata mimi ningepimwa, huenda ningeonekana ninacho. Hiki kinapima kirusi kilichomo kwenye damu sasa hivi."

"Kikionekana, jicho litapona?"

"Damu haiwezi kutuambia hilo, dada. Lazima daktari wa macho atazame ndani ya jicho lenyewe. Twende wote."

"Akaonekane na watu kliniki?" akauliza Bi Mwanaidi.

Zainabu akaziba jicho la kulia kwa kiganja. "Mama, hapa uso wako siuoni. Na hili likienda, hao watu hawatajua?"

Bi Mwanaidi aliingia ndani akatoka na khanga za bintiye, zimekwishakunjwa. Nikachukua damu, tukaondoka.

Njiani kurudi maji yalikupwa, boti ikakwama kwenye tope. Tulikaa juani. Nililifunika boksi kwa shati langu. Hapo ndipo Zainabu aliponieleza, kwa sauti ya chini, kwamba aliolewa masika, akaogopa mume ataviona vidonge, akaacha kuvimeza. Mume alikwisha kuondoka.

"Damu haitaharibika?" akauliza.

"Tukifika leo, hapana."

Tulifika jioni. Niliizungusha damu kwenye mashine nikatenga majimaji yake, yakasafirishwa kwenda Dar es Salaam. Kesho yake Zainabu naye akapanda basi la huko huko.

Dar es Salaam, daktari wa macho hakungoja majibu. Aliona kirusi kimeshakula katikati ya retina, pazia la kupokea picha lililo nyuma ndani ya jicho la kushoto. La kulia, ambalo halikumsumbua hata kidogo, lilikuwa limeanza kuliwa pembeni. Akamwanzishia dawa siku ile ile. Baadaye akarudishiwa za kufubaza. La kushoto halikurudi. La kulia limebaki, na kwa hilo anachambua kamba wake mwenyewe.

Majibu ya damu yalipofika Kibiti, wiki kadhaa baadaye, yalithibitisha kirusi, kwa wingi. Nimefanya kazi ya vipimo miaka mingi na bado naviamini. Lakini siku ile nilijifunza mpaka wa vipimo: ningerudi na chupa za damu peke yake, majibu sahihi yangemkuta kipofu.