Moto Tuliokopa Ziwani

Wengi nikiwasimulia haya hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza, maana mtu akishamaliza kucheka husikia vizuri zaidi. Kama una kicheko, kitoe sasa, kisha ukae. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu, na mwanamke aliye katikati ya kisa hiki ndiye aliyenizaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tuliishi Gesima, mimi na mama, wawili tu. Baba alikuwa ameshafariki, dada zangu wameolewa, na kaka yangu Nyakundi alikuwa dereva wa lori katika shamba la mkonge kule Bonde la Ufa. Mimi ni kitinda mimba, na wakati huo sikuwa nimeoa. Basi mama akashikwa na magoti. Alianza kwa kuchechemea, akashika fimbo, mwishowe akakaa chini na hakuinuka tena.

Ngoja nikueleze ubaya wa jambo hilo, kwa sababu usipouelewa hutaelewa yaliyofuata. Kwetu Abagusii, mvulana akishatahiriwa haingii tena chumba cha ndani cha mama yake. Ndiyo heshima yetu. Sasa fikiria mama asiyeweza kusimama, na nyumbani hakuna mwingine ila mwanawe wa kiume. Jirani yetu alikuja kumsaidia alipoweza, lakini naye alikuwa na watoto wake na chai yake ya kuchuma. Siku asipofika, ni mimi niliyeingia, nikamwinua mama kitandani na kumbeba mgongoni hadi nje. Alikuwa akijifunika uso kwa leso njia nzima. Asubuhi moja nilimsikia akiomba: "Bwana, nisimamishe au unichukue. Lakini usiniache hivi."

Nyakundi alipokuja likizo alimkuta hivyo, akakaa kitako karibu naye.

"Mama, kule kwetu kazini kuna ziwa. Kando yake maji yanachemka yenyewe kutoka ardhini. Watu wa mkonge wenye migongo mibovu huenda kukaa kwenye maji hayo, wanarudi wakicheza."

"Wanarudi wakicheza kwa sababu ya maji, au kwa sababu ya pombe?"

"Njoo uonje mwenyewe, mama. Maji, si pombe."

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mavuno. Basi tukaenda.

Tulipanda basi Kisii mjini hadi Nakuru, na kutoka hapo Nyakundi akatuchukua kwa lori la shamba, mama akiwa mbele amezungushiwa blanketi. Siku hizi ziwa lile linaitwa Bogoria. Tulifika Ijumaa kabla jua halijatua, na kwa kweli sikujua kama duniani kuna mahali kama pale. Ukingo wote ulikuwa wa waridi kwa sababu ya heroe, ndege wenye miguu kama vijiti. Ardhi ilikuwa na joto hata nikaisikia kupitia nyayo za viatu. Hapa tope linatokota kama uji mzito, pale maji yanaruka juu kupita kichwa cha mtu, yanatulia, yanaruka tena. Na harufu! Mayai viza.

Nyakundi aling'oa majani mkono mmoja, akayatupa majini kabla ya kukaribia.

"Unafanya nini?" mama akamuuliza.

"Wenyeji hufanya hivi, mama. Ni kama kubisha hodi."

"Mimi nibishie maji hodi? Nimebatizwa."

Sisi ni Wasabato. Nakueleza hili kwa sababu ndilo lililotuingiza katika mambo. Sabato inaanza Ijumaa jua likitua, na siku hiyo hatuwashi moto wala hatupiki. Kwa hiyo tulikuwa tumeshapika chakula cha kesho yake, sufuria nzima ya ndizi na maharagwe, tukaifunika na kuiweka chini ya mti tulipolala. Alfajiri tukakuta kifuniko huku, sufuria kule, na nyani watatu juu ya mti wakijilamba vidole.

Hatukuwa na chakula kingine ila mkungu wa ndizi mbichi tuliomletea shemeji yangu, mke wa Nyakundi. Na mama alikuwa na vidonge vyake vya maumivu, ambavyo daktari alimwonya asivimeze bila kula. Tukatazamana. Ni mama mwenyewe aliyelifumbua fumbo hilo.

"Tumekatazwa kuwasha moto," akasema polepole. "Huu hapa nani ameuwasha?"

"Si sisi," Nyakundi akajibu haraka.

"Basi tia ndizi. Anayepika ni Mungu."

Tukamenya ndizi, tukazitia katika kikapu, nikakifunga kamba na kukitumbukiza kwenye chemchemi. Nyakundi akaenda kwenye lori kutafuta chumvi. Mama nilimkalisha kwenye kijito kilichotiririka kutoka pale, mahali maji yalipokuwa yamepoa kiasi cha kuvumilika, miguu yake ikiwa ndani hadi magotini. Asubuhi kulikuwa na baridi, mvuke ukawa mzito kama ukungu wetu wa mwezi wa saba. Mimi nilishika kamba.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipotoka ndani ya mvuke.

Alikuwa mzee, amejifunga shuka la rangi ya udongo. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba alikuwa mkavu. Mimi na mama tulikuwa tumelowa nywele hadi nguo kwa ule mvuke, lakini yeye hakuwa na hata tone. Na alikuwa akitetemeka. Niambie, mtu anatetemekaje kwa baridi mahali ambapo mawe yenyewe yanaunguza?

"Bwakire buya, Kemunto," akasema.

Alisalimu kwa Kigusii, tena kile cha upande wa Nyamarambe, alikozaliwa mama. Na Kemunto ni jina la mama la usichana. Tangu aolewe Gesima watu walimwita Mama Nyakundi. Hata mimi nililijua jina hilo kwa kusikia tu.

Mama hakuogopa. Alifurahi, kama mtu yeyote anavyofurahi kukutana na wa kwao ugenini. Alidhani ni mwanamke wa Nyamarambe aliyeolewa huko. "Buya, omong'ina," akamwitikia, yaani mama mzee. "Karibu ule nasi."

"Sili. Nimekuja kuona ni nani anapika kwa moto wangu."

Alisema hivyo bila ukali. Kisha akainama kwenye chemchemi, akatia mkono. Nakuomba uniamini. Alitia mkono kwenye maji yale yanayoruka, hadi kwenye kiwiko, akazigeuza ndizi kikapuni moja moja kama mama anavyogeuza ndizi zake jikoni. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, nami nilisikia kila ndizi ikigeuzwa. Alipoutoa mkono ulikuwa mkavu.

Mama alikuwa amempa mgongo. Hakuona.

"Kwenu," akauliza yule mwanamke, "mtu akichukua moto kwa jirani, humrudishia nini?"

Lazima nikueleze tena. Zamani kiberiti hakikuwa cha kila nyumba. Moto wako ukizimika, ulikwenda kwa jirani na kigae, ukapewa kaa. Na kulikuwa na jibu ambalo kila mwanamke wa Kisii alilijua, jibu la ujirani mwema, linalotoka mdomoni kabla hujafikiri. Mama akalitoa.

"Moto haurudishwi, ndugu yangu. Nawe siku ukizimikiwa, mlango wangu ni ule, njoo uchukue."

"Nitakuja," akasema. Akaweka viganja vyake viwili juu ya magoti ya mama. Mama alishtuka, kama mtu aliyeguswa na barafu. Kisha mwanamke akageuka, akaingia ndani ya mvuke upande wa chemchemi, ambako hakuna pa kukanyaga ila maji yanayochemka.

Nyakundi alirudi na chumvi. "Mlikuwa mnaongea na nani? Nimesikia sauti ya mama tu."

Mama alikuwa anasimama. Alishika jiwe, akaliachia, akatoka majini kwa miguu yake mwenyewe, akatembea hadi kwenye lori. Nyakundi alilia kama mtoto. Mimi nililia pia, lakini kilio changu kilikuwa na kitu kingine ndani.

Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri. Mimi sikuzila.

Tulirudi Gesima, na nitakuwa mwongo nisipokuambia kwamba tulipata furaha. Mama alitembea hadi kanisani. Alichuma chai. Chumba chake kikawa chake tena, nami nikarudi kwenye saiga yangu, nyumba yangu ya kijana, nje ya ua. Nilimweleza nilichokiona. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mungu ana watumishi wa kila aina." Lakini tangu siku hiyo hakuacha moto uzimike.

Mwezi wa saba ukafika, na ukungu wake. Jioni moja, giza likianza kuingia, tulikuwa jikoni tukingoja ugali. Sauti ikatoka mlangoni.

"Kemunto. Nimezimikiwa."

Mama aliinuka bila haraka. Akachukua kigae, akatia kaa jekundu, akampelekea. Mwanamke alikuwa amesimama nje ya kizingiti, shuka lilelile, kavu, na mvua ya manyunyu ikinyesha. Alipokipokea kigae, kaa likazimika. Halikufifia kidogo kidogo. Lilizimika mara moja, likawa jeusi. Mama akampa jingine. Likazimika. La tatu, vivyo hivyo. Nyuma yangu jiko zima likaanza kufa.

"Huu si moto wa kunitosha," akasema yule mwanamke. Alikuwa akitetemeka hadi meno yakagongana, na nakiri kwamba nilimhurumia.

Mama alielewa kabla yangu. Akaweka kigae chini.

"Mama, usimpe," nikasema. "Mwambie achukue magoti yake, turudi tulivyokuwa. Mimi nitakubeba."

Alinigeukia. Sitausahau uso ule.

"Utanibeba," akasema. "Najua. Na mimi nijifunike leso tena? Mwanangu, neno nililisema mimi, na kwa mdomo wangu. Bora nitembee na baridi kuliko nikae na joto."

Akanyoosha mikono yote miwili nje ya kizingiti. Yule mwanamke akaishika kama mtu anayeota moto, akafumba macho. Ilikuwa muda mfupi tu. Kutetemeka kwake kukakoma. Akamwachia, akashuka kati ya michai, na ukungu ukamfunika.

Mama alirudi akakaa. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akitembea vizuri kuliko wanawake wa rika lake. Lakini hakupata joto tena. Aliota jua la adhuhuri amevaa sweta mbili. Wajukuu walipewa mkono wake wakalia. Watu walipomuuliza, alisema ni damu ya uzee. Mimi peke yangu nilijua, na sasa unajua wewe.

Siku aliyofariki, dada yangu mkubwa na wanawake wa kanisa waliingia kumwosha. Baada ya kitambo dada akatoka, uso umembadilika. "Njooni," akasema, "mama ana joto." Kweli alikuwa na joto, mikono, miguu, uso, kama mtu aliyetoka kulala kwenye jua. Lakini moyo ulikuwa umesimama. Daktari aliitwa, akathibitisha kwamba amekufa. Hata hivyo tuliogopa kumzika, tukangoja siku nyingine, na joto likabaki palepale. Tulimzika hivyo. Asubuhi za baridi, umande ukiwa mweupe juu ya michai yote, kaburi lake huwa kavu.

Nilifikiri joto lilikuwa limerudishwa na deni limeisha. Kisha nikakumbuka maneno ya mama kule ziwani. Hakusema, "njoo kwangu mimi Kemunto." Alisema, "mlango wangu ni ule." Na kwetu nyumba ya mama hurithiwa na kitinda mimba.

Naishi humo hadi leo. Mke wangu ana jiko lake la gesi, nami sikumkataza, lakini mafiga matatu ya mama yako mahali pake na moto haujazimika hata siku moja. Yeye hudhani ni ukaidi wa mzee. Mwache adhani hivyo.

Kwa hiyo, rafiki yangu, kaone ziwa lile. Sikutishi usiende, ni pazuri, na macho yaliumbwa yaone. Lakini usipike kwa moto usiomjua mwenyewe. Ukishapika, mwachie kitu palepale, hata majani ya mkono mmoja, uondoke. Na mtu akikuuliza utamrudishia nini, tafadhali, sahau malezi mema uliyopewa. Usiseme karibu.

Mikono yangu ina joto sana. Wajukuu zangu wanapenda kuishika kila mwezi wa saba, ukungu ukishuka, nami huwaruhusu waishike muda wote wanaotaka, kabla sauti ile haijarudi mlangoni.