Mama Dirishani

Juzi mjukuu wangu aliinua simu mbele ya picha ya ukutani, kisha akaishusha. "Bibi, naweza kutoa nakala?" Swali hilo likanirudisha kijijini Nsemulwa, jirani na mji wa Mpanda, miaka ya hamsini, nilipokuwa nikilelewa na bibi, mzaa mama. Mama alifariki kabla sijaijua sura yake.

Siku moja tulikwenda mjini Mpanda kuuza asali. Kwenye dirisha la mpiga picha bibi akasimama ghafla, akatua kibuyu chini. Dirishani, kwenye picha, alikaa mwanamke mwenye gauni la madoadoa, anacheka. Ndiye mama: alipigwa picha ile, akaugua na kufariki kabla hajaifuata.

"We kijana," bibi akamwambia mpiga picha, "nani kakuruhusu kumwanika mwanangu kama nguo?"

"Mama, nilimpiga mimi. Picha ni yangu."

"Kumpiga umempiga wewe. Kumzaa nimemzaa mimi."

Waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka. Bibi alipomweleza kwamba yule wa pichani ni marehemu, mpiga picha hakucheka. Aliitoa picha, akampa bibi kwa mikono miwili. Akaeleza taratibu kwamba kazi ya kamera ni yake na filamu itabaki kwake, ila kabla ya kuweka sura ya mtu hadharani alipaswa kuuliza.

Bibi aliifunika picha kwa kanga, akaifungia sandukuni. Hakuweza kuitazama bila kulia. Nami nililia kivyangu: nilikuwa nimempata mama asubuhi, nikampoteza kabla ya jua kuwa kali.

Baada ya mavuno, mpiga picha alikuja kwa baiskeli. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, vumbi lake likituwasha shingoni. Aliomba asafishe picha nyingine kutoka kwenye filamu ile, amrudishe mama dirishani.

Bibi alininyooshea gunzi. "Muulize mwenye mama," akasema.

Mtu mzima yule akachuchumaa mbele yangu. "Mama mdogo, unaniruhusu?"

Nikamwambia ndiyo, lakini amgeuze aelekee njia ya shule.

Basi miaka yangu yote ya shule nilipita pale kila asubuhi, nikasema shikamoo kimoyomoyo, naye akacheka vilevile. Siku hizi duka lile linauza vipuri vya pikipiki, na filamu sijui iliishia wapi. Bibi naye hayupo. Lakini ile picha ya sandukuni ndiyo hii ya ukutani, na namshukuru hadi leo bibi, aliyeona kwamba hata mtoto anastahili kuulizwa.

"Toa, mjukuu wangu," nikasema. "Ila ukimwonyesha mtu, mwambie ni mama yangu."