Shahidi wa Pili wa Gotu

Nilirudi kwenye ndege zisizo na injini nikiwa na miaka arobaini na sita, na miwani. Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa fundi wa pampu za maji wa serikali hapa Isiolo, nikaitwa uwanjani Kiwanjani kutengeneza winchi ya klabu iliyokuja kupiga kambi kutoka ng’ambo ya mlima. Winchi ni injini ya lori inayozungusha ngoma ya waya. Waya huvuta ndege mbio mpaka ipae, kisha rubani anauachia na kubaki na hewa tu. Winchi ilipowaka nikaomba kupandishwa. Baada ya misimu miwili nilikuwa naruka peke yangu. Kisha nikahamishiwa Garbatulla, visima vikawa vingi, na miaka kumi na miwili ikapita.

Niliporudi, sikutaka kuzunguka juu ya uwanja na kushuka. Nilitaka kuwa mwalimu. Klabu ilikuja Isiolo siku kumi tu kwa mwaka, na wanafunzi wa hapa walikaa wakingoja siku kumi nyingine. Masharti ya kuanza mafunzo ya ualimu yalikuwa matatu: kukaa angani saa tano, kupanda mita elfu moja juu ya mahali ulipoachia waya, na kusafiri kilomita hamsini kwa mstari ulionyooka. Mawili ya kwanza niliyamaliza kiangazi kimoja. Masafa yalinishinda mara tatu.

Masafa yalihitaji mashahidi wawili mahali pa kutua. Fomu ya klabu ilikuwa ya Kiingereza, na watu wengi wa maeneo ambako ningetua hawakukijua, kwa hiyo niliipiga chapa upya kwa Kiswahili. Fomu yao ilimtaka shahidi athibitishe tu kwamba ameikuta ndege mahali fulani saa fulani. Niliona hilo limelegea. Nikaandika: “Nimeona kwa macho yangu ndege hii ikigusa ardhi.” Siku ya tisa ya kambi, asubuhi, mhakiki wa klabu, mtu mkimya aliyekagua safari zetu zote, aliisoma na kuitia sahihi. Nikaikunja mfukoni.

Siku hiyo hewa ilinikubali. Tai watatu walikuwa wakizunguka upande wa Ngare Mara, nikajiunga nao, na mshale wa kipimo cha kupanda ukasimama pazuri. Upepo wa kutoka mlimani ulinisukuma. Nilivuka Gotu nikiwa na kimo cha kutosha, nikachagua uwanda mweupe usio na mawe, nikatua. Kwa rula na ramani, kilomita hamsini na mbili.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mwenye ngamia. Alikuwa ameiona ndege tangu ikiwa juu. Nilimsomea fomu, naye akaweka dole gumba bila kusita. Wa pili alikuja kwa baiskeli: askari wa chifu, mzee kidogo kuliko mimi, kofia imenyooka. Tulisalimiana salaam aleikum, ingawa aliona msalaba shingoni mwangu. Akaizunguka ndege mara mbili.

“Hii ndege yako, injini iko wapi?”

“Haina.”

“Waliiba lini?”

Yule mama alicheka mpaka akashika mkanda wake. Nilimweleza askari kazi ya fomu, akaichukua, akaisoma polepole kwa sauti, kisha akanirudishia.

“Mimi sikuona ikigusa ardhi,” alisema. “Niliona vumbi. Nilipofika, wewe ulikuwa unakula ndizi.”

Nilimwambia vumbi lile lilikuwa la ndege. Alikubali kwamba huenda ni kweli, lakini vumbi si macho. Kama ningeandika kwamba ameikuta hapa, angetia sahihi mara mbili. Niligeuza karatasi, nikaandika nyuma maneno yake yote, pamoja na ndizi, naye akatia sahihi nzuri, ya mwandiko wa shule.

Alasiri alifika rafiki yangu wa Kiwanjani, dereva wa lori ambaye babu yake alikuja Isiolo na jeshi la Waingereza. Alikuwa anavuta tela la kubebea ndege. Nilipomweleza, alinitazama kama mtu anayetazama gurudumu lililopasuka.

“Ndugu, weka kidole chako mbele hapo, pa shahidi wa pili. Kidole ni kidole.”

Niliirudisha fomu mfukoni. Tulifungua mabawa, tukayalaza kwenye tela, na njia yote ya mawe hadi mjini aliendelea kunihesabia vidole alivyonavyo, na jinsi ambavyo angeniazima.

Mhakiki alisoma mbele, akasoma nyuma. Nilimkumbusha kwamba fomu ya Kiingereza isingedai zaidi ya hayo.

“Fomu niliyotia sahihi asubuhi ni hii,” alisema. “Uliiandika wewe. Siwezi kuisoma vingine jioni.”

Mimi pia ningejibu hivyo. Niliomba taipureta, nikapiga fomu mpya, neno kwa neno kama ya Kiingereza, sikuongeza hata moja.

Siku ya kumi ilikuwa ya mwisho. Upepo ulikuwa umekufa na tai hawakuonekana. Saa tano nikavutwa angani. Kilomita ya arobaini na moja ilinikuta nikiwa futi mia saba juu ya lagha, mto wa msimu uliokauka, chini yangu hakuna ila mchanga na migunga, na uwanja mmoja tu wa kutua, nyuma. Kuurudia kulimaanisha kungoja mwaka mzima. Ng’ambo ya lagha mchanga uliishia kwenye mwamba mweusi, na mwamba hushika joto. Nilijipa mizunguko miwili juu yake, kisha uwanja. Mzunguko wa kwanza mshale haukutikisika. Wa pili ulipanda kidogo, ukakaa, ukapanda tena.

Nilitua kilomita hamsini na tatu kutoka Kiwanjani. Wachungaji wawili walikuja wakitembea, bila haraka. Niliwasomea fomu mara mbili, nikawauliza kama kuna neno wasilolikubali. Hawakuwa nalo.

Mhakiki aliikagua fomu akiwa amesimama kando ya winchi, ambayo ilikuwa tayari imefungwa kwenye tela. Akaitia mkobani.

“Mwezi ujao njoo upande wetu wa mlima,” alisema. “Utakaa kiti cha nyuma.”

Kiti cha nyuma ndicho cha mwalimu.